Daktari Laurentine Kapya na Chanjo Zilizonuka Samaki

Wasikilizaji wapendwa wa Lubumbashi, na ninyi mnaotupata kutoka Likasi, Kipushi, Kasumbalesa na Kasenga, sogeeni karibu na redio. Mwenye kupika apunguze moto. Leo tunamkumbuka mama mmoja ambaye tulimzika Jumamosi iliyopita. Jina lake ni Daktari Laurentine Kapya. Narudia kwa wale wanaofungua redio sasa hivi: Daktari Laurentine Kapya, mtoto wa Kamalondo.

Alikuwa daktari, lakini hakuwa daktari wa kupasua, wala wa kukaa ofisini akingoja mgonjwa abishe hodi. Alikuwa daktari wa afya ya jamii. Kazi yake ilikuwa kuzuia ugonjwa kabla haujaingia nyumbani kwako. Kazi hiyo alijifunza katika miaka ambayo mji wetu ulikuwa unabomoka mbele ya macho yetu. Akaijua. Akawafundisha wengine. Habari yake ndiyo hiyo, na ni habari ya mtu aliyeshinda.

Laurentine alizaliwa Kamalondo, katika nyumba ya fundi cherehani. Baba yake, mzee Edmond Kapya, alishona sare za shule na kanzu za wanakwaya. Wazee wa Kamalondo wanaikumbuka karakana yake, na ile meza ndefu ya kukatia nguo iliyojaa chumba kizima. Mdogo wake Laurentine, mama Joséphine, alitupokea nyumbani wiki hii, akatuambia hivi juu ya yaya wake, yaani dada yake mkubwa:

"Yaya alijua sindano mbele ya kujua kusoma. Papa alikuwa anamupatia matundu ya vifungo ashone. Alikuwa anashona mazuri kupita bafundi bakubwa. Bale bakubwa bakakasirika, Papa anacheka tu."

Mikono hiyo ilimfuata mpaka chuo kikuu. Alipoingia masomo ya udaktari, wakubwa wa upasuaji walimwona mapema. Alishona kidonda kama anashona kola ya shati. Mkuu mmoja wa chumba cha upasuaji alisema mbele ya wanafunzi wote kwamba binti huyu atakuwa mpasuaji, asiulizwe mara ya pili. Mzee Edmond alizisikia habari hizo. Akaanza kuwaambia wateja wake: binti yangu naye ni fundi, lakini yeye anashona watu.

Basi, wasikilizaji, kila kitu kilikuwa kimepangwa. Ila kabla ya kuhitimu, Laurentine alipelekwa kufanya mazoezi katika wodi ya watoto. Ulikuwa msimu wa surua. Mnaijua surua: homa, kikohozi, macho mekundu, kisha mwili mzima unajaa vipele. Mtoto anaweza kupona. Anaweza kupofuka. Anaweza kufa kwa mapafu.

Akaja mama mmoja kutoka Kampemba, amebeba mtoto wa miaka miwili. Mwezi uliotangulia alikuwa amezika mtoto wake mkubwa kwa ugonjwa uleule. Laurentine alimhangaikia yule mtoto hata akapona. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mama alimfunga mtoto mgongoni, lakini hakuondoka. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Docteur, aksanti. Sasa ku nyumba kuko mungine, ule mwenye kunyonya. Tumungojee naye agonjwe njo tumulete?"

Laurentine alimshika mama mkono, akamsindikiza mpaka barabarani. Tangu siku hiyo, kwa maneno ya mama Joséphine, dada yake hakuongea tena juu ya upasuaji.

Alipohitimu aliomba nafasi katika masomo ya juu ya afya ya jamii, ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yanaanzishwa hapa Lubumbashi. Hapo zamani daktari aliyetaka masomo hayo alipanda ndege kwenda Ulaya. Sasa Profesa Faustin Ngosa, mtu wa hapahapa, alikuwa amekusanya madaktari wanne vijana, pamoja na walimu wageni waliokuja kwa zamu. Mmoja wa wale wanne alikuwa Laurentine. Mwingine, ambaye tutamkuta tena, alikuwa Daktari Jeannot Mbuyi. Jeannot alizaliwa hapa mjini, lakini wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai.

Nyumbani, mzee Edmond hakufurahi. Aliweka mkasi chini.

"Docteur bila kisu? Unaacha kushona batu, unaenda kufanya nini?"

"Papa, minataka batu basigonjwe."

"Na ugonjwa wenye haukukuya, wenye haukufika ku nyumba, nani atakushukuru juu yake?"

Laurentine hakurudi nyuma.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na moja. Wenye umri mnaukumbuka. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre. Migodi ilikuwa inazimika mmoja baada ya mwingine. Mishahara ilikuwa imekuwa hadithi. Kisha ukaja uporaji. Askari walivunja maduka, na raia wakafuata nyuma. Mtu alibeba alichoweza: mlango, beseni la kunawia, kiti cha ofisi. Mabati yaling'olewa nyumba ikiwa na wenyewe ndani.

Asubuhi ya tatu Laurentine na Jeannot walikwenda kuangalia bohari ya chanjo. Njiani walipishana na mkokoteni uliobeba friji nyeupe. Waliitambua. Ilikuwa friji ya chanjo. Waliokuwa wanausukuma hata hawakukimbia, walikuwa wanatembea polepole wakiongea. Uani kwenye bohari, vichupa vya chanjo vilikuwa vimemwagwa juani, vingine vimekanyagwa. Chanjo ya surua ikipata joto imekufa, hata kama kichupa ni kizima. Jeannot aliinama akaanza kuviokota. Laurentine akamwambia aache, hakuna kitu tena mle. Jeannot akaendelea kuokota, kwa sababu watoto wangeweza kukanyaga vioo.

Wiki hiyo walimu wageni waliondoka. Walipakiwa kwenye ndege na nchi zao zikawapokea. Mmoja wao alimtafuta Laurentine kabla ya kuondoka. Alikuwa amempatia nafasi ya kumalizia masomo Ulaya, tikiti ikiwemo. Hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa ametoka kuolewa na Mwape, kijana wa reli, na hata Mwape alimwambia aende, kwamba yeye atangoja.

Laurentine alikwenda kwa Profesa Faustin. Alimkuta amekaa katika chumba cha darasa kisicho na mlango wala dirisha wala benchi. Benchi nazo zilikuwa zimepata wenyewe wapya. Mazungumzo yao Laurentine aliyasimulia mara nyingi kwa wanafunzi wake.

"Prof, kama miye naenda, hapa kutabakia nani?"

"Kutabakia miye na chaki yangu."

"Na madaktari wengine watatu?"

"Wako nje pale. Banaogopa kuingia, banazani nitawaambia masomo imekufa."

"Imekufa?"

Profesa akasema: "Chumba njo kimekufa, masomo hapana."

Laurentine hakupanda ndege. Alirudi Kamalondo akaingia karakanani kwa baba yake, akasimama mwisho wa ile meza. Akamweleza kwamba wanahitaji mahali. Wasikilizaji, huyu ni yule mzee aliyekataa. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukafika mwisho. Kisha akasema:

"Asubui ni yangu. Mangaribi ni yenu. Na mutu asiguse mikasi."

Hivyo ndivyo masomo ya juu ya afya ya jamii yalivyoendelea Lubumbashi: katika karakana ya fundi cherehani, Kamalondo. Narudia, kwa sababu vijana wengi hawalijui hili. Yaliendelea katika karakana ya fundi cherehani. Kitambaa cheusi cha suruali kilitundikwa ukutani kikawa ubao. Chaki ya kuchorea nguo ikawa chaki ya Profesa. Madaktari wanne walikaa kuzunguka meza ya kukatia, katikati ya vipande vya sare, wakijifunza jinsi maji yanavyobeba kipindupindu, jinsi surua inavyoruka kutoka nyumba hii kwenda ile, na ni watoto wangapi katika mtaa lazima wachanjwe ili surua ikose njia ya kupita.

Mzee Edmond alijifanya hasikilizi. Mwezi haukuisha, akamkatiza Profesa kuuliza kama ni kweli inzi anatoka chooni akafikia chakulani na miguu ileile. Profesa akamjibu ndiyo, Papa, miguu ileile. Kesho yake mzee alichimba choo kipya na kukitengenezea kifuniko, na majirani wote wakasikia sababu.

Mwaka uliofuata mambo mjini yakazidi kuwa mabaya. Majirani waliozaliwa mtaa mmoja walianza kuulizana babu zao walitoka wapi. Familia zenye asili ya Kasai zilitishwa, zikafukuzwa kazini, zingine zikalala vituo vya treni zikisubiri kuondoka. Jeannot Mbuyi aliendelea kuja karakanani. Alikuja kwa kupitia njia za nyuma. Laurentine, ambaye wakati huo alikuwa na ujauzito, alikuwa anatoka kwenda kumpokea barabara kubwa, watembee pamoja.

Halafu, mvua za mwisho wa mwaka zikaja na surua. Ilianzia Kampemba ikapanda kuelekea Ruashi. Chanjo hazikuwapo tangu uporaji. Watoto waliozaliwa katika miaka ile hawakuwa na kinga mwilini. Hospitali ilitenga chumba kizima kwa surua, na kitanda kimoja kililaza watoto watatu.

Mapema mwaka wa tisini na tatu, jumuiya moja ya kanisa ilifanikiwa kuleta mzigo wa chanjo kwa ndege. Chanjo zilifika Lubumbashi zikiwa baridi, zikiwa nzima. Lakini mji haukuwa na friji ya kuzipokea. Umeme ulikuja na kuondoka upendavyo. Profesa Faustin alikaa na masanduku mbele yake kama mtu aliyeletewa wali akiwa hana sufuria.

Laurentine alikuwa ametoka sokoni siku hiyo. Alikuwa amenunua samaki. Na samaki wa Kasenga, wasikilizaji, mnajua jinsi wanavyofika hapa: wamelazwa ndani ya barafu, katika masanduku meupe ya frigolite, yale mepesi yanayotunza baridi, juu ya malori. Mji mzima ulikuwa hauna baridi, lakini samaki walikuwa na baridi.

Aligeuka palepale akarudi kwa mama Chanda. Mama Chanda alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mzaliwa wa ng'ambo ile ya mto Luapula, mwenye chambre froide yake, chumba cha baridi, hapo Kamalondo, na jenereta yake. Wakati wa uporaji alikaa mlangoni pake na wanawe, na hakuna aliyepita. Laurentine alimweleza shida.

"Docteur," mama Chanda akasema, "unaniambia niweke dawa ya batoto pamoja na samaki?"

"Ndiyo, mama."

"Itanuka."

"Mutoto hatainusa. Itaingia ku mukono."

Mama Chanda alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. Kisha akaita watu wake wasogeze masanduku ya makayabo, wale samaki wa chumvi. Chanjo za Ruashi na Kampemba zikalala katika chambre froide ya mama Chanda, zimefungwa ndani ya plastiki, barafu ya Kasenga chini na juu. Laurentine na wenzake walipeana zamu ya kwenda kupima baridi. Walirudi darasani wakinuka samaki, na mzee Edmond aliwakataza kugusa kanzu za wanakwaya.

Kampemba walichanja kwanza. Ilikwenda vizuri. Ruashi ikapangiwa wiki iliyofuata, kwa sababu mkubwa mmoja wa utawala alisema wasubiri ruhusa yake. Basi wakasubiri.

Ndipo mafuta yakakauka mjini kote. Jenereta ya mama Chanda ikanyamaza. Lori la barafu likazama matopeni barabara ya Kasenga, na dereva akatuma habari kwamba hajui atatoka lini. Asubuhi moja mama Chanda aliingia karakanani mwenyewe, amefunga kitenge vizuri, hakukaa.

"Docteur, barafu inaanza kulia. Samaki yangu nitaiweka ku moshi, itakauka. Vaccin yenu mutaikausha namuna gani?"

Madaktari wote walimtazama Profesa. Profesa akamtazama Laurentine.

"Ruhusa haijafika," akasema. "Unafanya nini?"

"Tunaenda Ruashi leo, Prof. Sasa hivi."

"Kama iko hivyo, hii njo examen yako. Weye unaongoza. Miye nitabeba masanduku."

Na kweli aliyabeba. Watu wa Ruashi waliokuwapo wanakumbuka mpaka leo: profesa wa chuo kikuu, suruali imekunjwa mpaka magotini kwa sababu ya matope, sanduku la samaki begani, maji yanamchuruzika shingoni.

Laurentine aliwapanga watu wake katika uwanja wa parokia. Aliwaomba mama wa kwaya wapite mitaani. Hawakupita kimya. Waliimba mlango kwa mlango, kila wimbo wakiuingizia neno surua, na akina mama wa Ruashi wakatoka na watoto mgongoni, kiunoni, mkononi. Uwanja ukajaa. Meza nne, madaktari wanne. Barafu ilikuwa imebaki vipande.

Meza tatu zilikuwa zinakwenda. Meza ya nne haikwenda. Ilikuwa meza ya Jeannot Mbuyi. Mwanamume mmoja alikuwa amesimama mbele yake, amemshika mtoto wake mkono, anaongea kwa sauti ili wote wasikie:

"Huyu iko mutu wa kule. Hatagusa mutoto wangu. Nani anajua nini anaweka mu sindano?"

Mstari ukarudi nyuma. Mama mmoja akaondoka, wa pili akamfuata. Mstari wa meza ya Laurentine nao ukaanza kuyumba. Wasikilizaji, fikirini: barafu inayeyuka, uwanja umejaa, na hofu imeanza kutembea. Kama watu wangetawanyika, wasingerudi. Na chanjo zile zisingefika kesho.

Jeannot aliweka sindano chini. Akamwambia Laurentine kwa Kifaransa kwamba ataondoka, waendelee watatu. Laurentine akamwambia akae.

Hakupanda juu ya benchi kuhutubia. Alimwita mdogo wake Joséphine, aliyekuwa amekuja na mtoto wa Laurentine ili amnyonyeshe. Mtoto huyo ni Jemima. Alikuwa amepita kidogo umri wa miezi tisa, umri wa kuchanjwa, na alikuwa bado hajachanjwa. Mama yake alikuwa amekataa kumtanguliza mbele ya watoto wa wengine. Laurentine alimchukua Jemima, akapita katikati ya watu, akakaa kwenye kiti mbele ya Jeannot. Akamvua mtoto mkono wa gauni.

"Docteur Mbuyi, huyu ni mutoto wangu wa kwanza. Umuchanje."

Jeannot alitia dawa kwenye sindano. Akainua mkono. Akausimamisha hewani.

"Laurentine, unaweza kumupeleka ku meza ingine."

"Umuchanje. Siendi fasi ingine."

Watu wa nyuma walisogea waone. Jeannot akachanja. Jemima akalia kwa nguvu zake zote.

Jemima leo ni mama wa watoto wawili. Alituambia: "Miye sikumbuke kitu. Lakini ku Ruashi banamama bananisalimia na kuniambia, kumbe ni weye ule mwenye kupiga makelele. Nalipata jina mbele ya kujua kutembea."

Yule mwanamume aliondoka na hasira yake. Lakini mke wake alikuwa nyuma ya mstari. Alizunguka upande mwingine wa uwanja, akaja na mtoto mdogo, akakaa kwenye kiti chenye joto bado la Laurentine. Akamnyooshea Jeannot mkono wa mtoto. Nyuma yake akasimama bibi mmoja na wajukuu wake, na nyuma ya bibi mstari ukajipanga upya, mrefu kuliko ule wa kwanza.

Walichanja mpaka kichupa cha mwisho. Kichupa cha mwisho kilitoka katika maji ambayo barafu yake ilikuwa imebaki kama punje za chumvi, magamba ya samaki yakielea juu. Hakikubaki hata kimoja cha kutupa. Profesa Faustin aliligeuza sanduku, akamwaga maji juu ya matope, akakaa juu yake. Akasema: "Laurentine, umepita."

Ile ruhusa ilifika baadaye. Profesa aliipokea kwa heshima zote, akamshukuru mkubwa yule.

Na surua? Surua ilitafuta njia Ruashi ikaikosa. Wiki chache zikapita, kitanda cha hospitali kikarudi kulaza mtoto mmoja. Kisha vikabaki vitanda vitupu. Siku moja Laurentine aliingia katika kile chumba kilichotengwa akakuta wauguzi wamevua mashuka na kufungua madirisha, na mmoja amesinzia kwenye kiti kwa kukosa kazi. Alitoka kwa kunyata ili asimwamshe. Mumewe, mzee Mwape, anasema jioni hiyo alifika nyumbani akiimba, yeye ambaye sauti yake, anasema mzee, "ilikuwa haifae kwaya yoyote."

Lakini Jeannot hakuweza kubaki. Vitisho vilifika mlangoni kwake. Treni ya Kasai ilikuwa inakaribia kuondoka. Profesa Faustin akasema hakuna daktari wake atakayefukuzwa bila shahada. Wakaharakisha mtihani wake wa mwisho. Jeannot alitetea kazi yake mbele ya kitambaa cheusi, katika karakana ya Kamalondo, huku mama Chanda na mafundi wamekaa nyuma kama wazazi. Mzee Edmond alikuwa amemshonea koti. Alilikata kutoka kitambaa kizuri alichokuwa amekiweka kwa ajili yake mwenyewe. Jeannot alipomaliza kujibu maswali, mzee alisimama akamnyoosha kola kwa mkono wake, akamwambia: "Sasa uende. Na usikubali mutu akuambie kama hukutoka hapa."

Tulimpata Daktari Jeannot kwa simu, yuko Mwene-Ditu, kule Kasai. Alituambia: "Nilishuka ku treni na ile koti na masomo ya Kamalondo. Mwaka uleule nikaanza kuchanja. Laurentine alikuwa ananiuliza kitu kimoja tu ku simu, miaka yote: Jeannot, barafu iko?"

Wasikilizaji wapendwa, hapo Laurentine alikuwa bado kijana. Alimaliza masomo yake, wa kwanza kwa alama kati ya wanne. Profesa Faustin alipozeeka, yeye ndiye aliyeshika chaki. Vikaja vita vya tisini na saba. Vikaja vile vilivyofuata. Mji ulijaa wakimbizi wa kutoka Pweto na Moba. Kipindupindu kilipanda na kushuka. Mwaka baada ya mwaka, hata ule ambao darasa lilikuwa na mwanafunzi mmoja tu, Laurentine Kapya alifundisha madaktari kuzuia ugonjwa. Hakuruka mwaka. Narudia: hakuruka mwaka hata mmoja.

Wanafunzi walimwita Mama Barafu. Siku ya kwanza ya masomo hakuwapeleka darasani. Aliwapeleka kwa wauza samaki, akawaambia wamsalimie mama Chanda kwa heshima, kisha waeleze lori linatoka wapi, linachukua muda gani, linakwama wapi. Vijana waliokuja na viatu vya kung'aa walirudi nyumbani wananuka. Wengi walikasirika siku hiyo. Leo wanaongoza kanda za afya kutoka Kasenga mpaka Kalemie, na wao pia wanawapeleka wanafunzi wao sokoni.

Mzee Edmond aliishi hata akaona hayo. Siku moja mteja mgeni alimuuliza binti yake anafanya kazi gani hasa. Mzee alishika kitambaa, akajibu: "Anafanya mabaya isikuye." Mama Joséphine anasema baba yao aliyasema hayo kwa kiburi, kama mtu anayetaja cheo cha waziri.

Daktari Laurentine alifariki nyumbani kwake, kwa ugonjwa wa moyo, mumewe na watoto wakiwa karibu. Wiki chache kabla alikuwa bado anasahihisha kazi za wanafunzi kitandani na kulalamika juu ya mwandiko wao.

Na sasa niwasimulie mazishi yake, hata ninyi mliokuwapo, kwa sababu sijaona mengine kama hayo. Jumamosi ile ilikuwa siku ya chanjo Ruashi. Wanafunzi wake waliuliza familia kama waiahirishe, ili wote wahudhurie. Mzee Mwape alikataa. Alisema: "Bachanje kwanza. Sisi tutabangojea." Na kweli, umati mzima uliotoka kila upande wa jimbo ulingoja. Padri alingoja. Kwaya iliimba ikachoka ikapumzika ikaimba tena. Wakubwa waliovaa suti walingoja juani na hakuna aliyenung'unika.

Halafu wakaonekana wanakuja barabarani kwa miguu, madaktari vijana wa mwaka huu, makoti yao meupe yana matope, masanduku ya chanjo bado begani. Walikwenda moja kwa moja mbele ya jeneza, wakayafungua. Yalikuwa matupu. Chanjo zote zilikuwa zimeingia katika mikono ya watoto. Umati ukapiga makofi. Makofi mazishini, wasikilizaji, na mzee Mwape ndiye aliyeyaanzisha.

Kwako mzee Mwape, kwako Jemima na ndugu zako, kwako mama Joséphine na ukoo wote wa Kapya, kwa mama Chanda ambaye miguu imekataa lakini alibebwa mpaka kaburini, kwako Daktari Jeannot huko Mwene-Ditu: pokeeni pole zetu. Mungu awafute machozi. Mji huu umelia pamoja nanyi, na umejivuna pamoja nanyi.

Na sisi tuliobaki tufikiri kidogo. Tunamjua daktari aliyetutibu, tunampelekea kuku. Yule aliyefanya tusiugue hatumjui. Leo, kabla ya kuzima redio, angalia mtoto aliye karibu nawe, wako au wa jirani, ujiulize kama amechanjwa. Kama hajachanjwa, kesho mpeleke.

Na wewe uliyezaliwa Ruashi au Kampemba katika miaka ile mibaya, wewe unayenisikiliza sasa ukiwa dukani kwako, au kwenye usukani, au umeshika mtoto wako mwenyewe: una macho yako mawili, una pumzi yako, na labda hukuwahi kuambiwa ni nani aliyekupigania. Ni Laurentine Kapya. Sasa unamjua. Mwambie na mtoto wako.